Matangi Mawili ya Dizeli kwenye Pikapu Moja

Mwenye pikapu anayetoka Itigi kuelekea Rungwa, au anayevuka jangwa la Chalbi kwenda North Horr, hafungi tangi la pili ili kujionyesha. Analifunga kwa sababu sheli ziko mbalimbali, na katika vijiji vya katikati dizeli huuzwa kutoka kwenye mapipa ambayo hakuna ajuaye yamekaa juani tangu lini. Akiishiwa huko, atasubiri lori lipite.

Mafundi wengi huliona tangi la pili kama lita zaidi tu. Wanatoboa, wanaunga mpira, wanakukabidhi gari. Ninachotaka ukishike kabla hujatoa shilingi moja ni hiki: faida kubwa ya matangi mawili ni kwamba dizeli ya hili haikutani na dizeli ya lile. Ukijaziwa maji au mafuta ya taa kwenye tangi moja, bado unalo la pili la kukufikisha nyumbani. Mfumo wowote unaoyachanganya matangi yako umekupa lita, lakini umekunyima kinga.

Tuchukue pikapu inayojulikana zaidi kwenye njia hizo, Toyota Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda 6, lita 4.2, isiyo na turbo. Kwa kawaida hutoka kiwandani na tangi moja la lita 130. Nduguye wa 78, hadtopu ambayo madereva wa Tanzania huiita mkonga, hutoka na matangi mawili ya lita 90 kila moja na swichi ya kubadilishia kwenye dashibodi. Kwa hiyo unachotaka kufanya kwenye pikapu yako Toyota wenyewe wameshakifanya, na fundi mwenye busara atalala chini ya mkonga kwanza aone mabomba yalivyopita.

Piga hesabu kabla ya kununua. 1HZ yenye mzigo huenda kama kilomita 7 kwa lita kwenye lami. Ukiingia mchanga na gia ndogo, usitegemee zaidi ya 4 au 5. Lita 130 zikupe kilomita 900 za lami, au chini ya 600 za mchanga. Ukiongeza tangi la lita 90, una lita 220, yaani kilomita 1,500 za lami au karibu 1,000 za mchanga. Hapo toa sehemu moja ya tano, kwa sababu mafuta ya chini kabisa hayavutiki yote na njia huwa ndefu kuliko ramani. Na ukumbuke uzito. Lita moja ya dizeli ina takriban kilo 0.84, hivyo lita 90 ni kilo 75 na ushee, na pamoja na chuma cha tangi na vishikizo vyake unakaribia kilo 100. Hizo zinatoka kwenye mzigo wako halali. Hazijaongezwa juu yake.

Njia za kuunganisha

Kuna njia tatu utakazoambiwa na mafundi. Ya kwanza ni kuunga matangi kwa bomba la chini ili yawe yanasawazishana yenyewe. Ni rahisi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Maji yakiingia upande mmoja yameingia pande zote, na bomba likikatwa na jiwe unamwaga matangi yote mawili barabarani. Fundi akikupendekezea hiyo, mshukuru na uondoke.

Ya pili ni kuliacha tangi la kiwandani lilivyo, halafu tangi la pili lilisukumie mafuta kwa pampu ndogo ya umeme. Injini haijui kama kuna tangi jingine; inavuta kulekule kwa siku zote. Ubaya wake ni kwamba dizeli ya tangi la pili lazima ipite kwenye la kwanza, kwa hiyo ule utengano niliousema unapotea dakika unayobonyeza swichi. Unaweza kuuokoa kiasi kwa kuweka filta yenye kikombe cha kioo kati ya pampu na tangi kuu, uone kinachopita. Pampu yenyewe iwe na swichi ya kushikilia kwa kidole, au kifaa cha kuizima baada ya dakika kadhaa. Dereva akiisahau ikiwaka, tangi kuu litajaa na dizeli itamwagika kwenye bomba la hewa kilomita nzima kabla hajanusa.

Ya tatu ni vali ya kuchagua, na hii ndiyo ninayoipendekeza kwa 1HZ na injini nyingine za pampu ya kizamani. Vali hiyo inakaa kati ya matangi na injini, unaigeuza kwa mkono au kwa swichi, na injini inakunywa tangi moja kwa wakati.

Kwa Hilux za D-4D, na kwa 79 mpya za lita 2.8, ushauri wangu unageuka. Hizo ni injini za reli ya pamoja (common rail), pampu zake huweza kufikia shinikizo la bari 1,600 na zaidi, na zinalainishwa na dizeli ile ile zinayoisukuma. Upepo kidogo ukipita kwenye vali iliyochakaa unaweza kukugharimu pampu na nozo zote. Kwenye injini za namna hiyo usiguse kabisa njia ya kuvutia mafuta. Tumia pampu ya kuhamishia, chuja vizuri, na ukubali kwamba utengano umepungua.

Ritani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Injini ya dizeli haitumii mafuta yote inayoyavuta. Pampu huvuta zaidi ya mahitaji, sehemu inalainisha na kupoza, na ziada pamoja na yale yanayovuja kwenye nozo hurudi tangini kwa bomba jingine. Mafundi huliita ritani. Kwa hiyo kila tangi linahitaji mabomba mawili, la kutoa na la kupokea. Vali inayofaa ina midomo 6: miwili ya kutoa, mmoja kwa kila tangi, miwili ya kurudisha, mmoja kwa kila tangi, mmoja wa kwenda kwenye injini na mmoja wa kutoka kwenye injini. Ukigeuza, vyote viwili vinageuka pamoja.

Fundi anayetaka kupunguza gharama atakufungia vali ya midomo 3. Atageuza njia ya kuvuta peke yake, na ritani ataiacha iende tangi kuu siku zote. Siku ya kwanza gari litatembea vizuri na utaondoka umefurahi. Kisha utaanza kuvuta tangi la pili huku kuu likiwa limejaa. Ziada ya tangi la pili itaingia tangi kuu ambalo halina nafasi, itapanda kwenye mdomo wa kujazia, itatoka kwenye bomba la hewa, na wewe utadhani gari linakula mafuta. Mbaya zaidi, kama tangi la pili lina maji, unayapeleka kwenye tangi safi tone kwa tone.

Tatizo hili halikuanzia huku. Ford F-250 na F-350 za Marekani za miaka ya 1980 na 1990 zilitoka kiwandani na matangi mawili na vali ya midomo 6 inayogeuzwa na mota ndogo, na wenye nazo wanalijua tatizo hili hili: vali ikichakaa, gari linavuta la mbele huku ritani ikimiminika la nyuma. Kwa hiyo hata vali nzuri hupimwa mara kwa mara.

Kuipima si kazi. Jaza matangi yote nusu. Weka swichi kwenye tangi la pili, endesha saa nzima, kisha angalia tangi kuu. Likiwa limepanda hata kidogo, ritani inakwenda mahali pasipo pake. Rudia kwa upande wa pili. Ukitaka jibu la haraka kwa 1HZ, chomoa mpira wa ritani kwenye tangi moja, uelekeze kwenye chupa safi, washa injini bila kukanyaga mafuta, uone unatiririka swichi ikiwa upande gani.

Ukinunua vali kuukuu ya mkonga pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, usiondoke dukani kabla hujaipulizia hewa huku inageuzwa. Hewa ikitoka kwenye mdomo usiohusika, mpira wake wa ndani umekwisha. Na angalia umeme wako kwanza: Land Cruiser nyingi za Afrika Mashariki ni za volti 12, lakini zipo za volti 24, hasa zilizoingia zikiwa zimetumika kwingine, na mota ya volti 12 kwenye volti 24 itaungua mara moja. Kama unaweza kuchagua, chukua vali inayobaki palepale ilipo umeme ukikatika, au ile ya kugeuza kwa mkono. Fyuzi ikilipuka katikati ya Chalbi, hutaki vali iamue yenyewe.

Tangi lenyewe

Watu wengi hupeleka kazi hii kwa fundi wa kuchomelea, naye hukata bati alilonalo. Mwambie mapema: bati lililopakwa zinki halifai. Dizeli huishambulia zinki, na takataka zinazotokea huenda kuziba filta na nozo. Shaba nayo huharakisha kuchacha kwa dizeli, kwa hiyo mabomba ya shaba yaachwe kwenye friji. Chuma cheusi, alumini nene au chuma kisichoshika kutu vinafaa. Tangi kuukuu la lori likikaa vizuri pia linafaa, mradi lioshwe, na mtu yeyote asilichomelee likiwa na mvuke wa mafuta ndani. Mafundi wamekufa kwa kosa hilo.

Ndani ya tangi ziwekwe kuta mbili au tatu zenye matundu. Lita 90 zinazoyumba kwenye kona ya mlima zinaivuta pikapu nyuma yako, na tangi likiwa nusu zinaliacha bomba la kuvutia likinyonya hewa. Bomba hilo liishie kama sentimita 2 juu ya sakafu ya tangi, ili maji na takataka vibaki chini yake, na sakafuni kuwe na nati ya kumwagia. Nati hiyo ifungwe na kitu cha kumzuia mwizi. Wezi wa dizeli wanajua tangi la pili haliangaliwi kila asubuhi, na wanapendelea chini kuliko kwenye mfuniko.

Mahali pa kulifunga ni kati ya vyuma vya chasisi, karibu na ekseli ya nyuma au mbele yake. Kila kilo iliyo nyuma ya ekseli inanyanyua pua ya gari na kufanya staringi iwe nyepesi kupita kiasi. Liwe mbali na eksozi, lishikwe kwa mikanda ya chuma yenye mpira katikati, na chini yake pawe na sahani ya kulikinga na mawe. Usilichomelee moja kwa moja kwenye chasisi. Chasisi hupinda kidogo barabarani kwa makusudi, na tangi lisilopinda litapasuka kwenye pembe.

Kila tangi liwe na mdomo wake wa kujazia na bomba lake la hewa. Bomba la hewa lipande juu kuliko maji utakayovuka, na mwisho wake lifunikwe na wavu mdogo, kwa sababu nyigu wa udongo hujenga humo. Likizibwa, tangi linafyonza hadi linanyauka, na injini inakufa baada ya saa mbili za mwendo bila sababu inayoonekana. Ukifungua mfuniko ukasikia mvumo wa hewa inayoingia, umepata jibu.

Geji ni jambo dogo. Boya la tangi la pili lilingane na geji yako kwa ukinzani wa umeme, la sivyo geji itadanganya. Rilei moja inayogeuka pamoja na vali inatosha kuonyesha tangi linalotumika. Kama fundi hana boya linalolingana, chukua fimbo safi, uipime tangi linapojazwa lita 10 kwa 10, na uikate alama. Fimbo haidanganyi.

Barabarani

Kanuni ya kwanza: usiyajaze matangi yote mawili kwenye sheli moja usiyoijua. Jaza moja, endesha, kisha ujaze la pili kwingine. Tanzania inaijua vizuri tabia ya kuchakachua, ya kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, hadi mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili mchanganyiko huo usiwe na faida. Hatua hizo zimesaidia, lakini dizeli ya mapipa bado ni ya kuchunguzwa. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli, na pampu ya 1HZ haina mafuta mengine ya kuilainisha. Kabla ya kujaza porini, kinga kidogo kwenye chupa nyeupe, iache itulie dakika 10. Ukiona ukungu, tabaka la maji chini, au chembe zinazoelea, lipia hicho kichupa na uende.

Tangi la kiwandani libaki na dizeli unayoiamini, ile uliyoijaza mjini. Ya kijijini iende kwenye tangi la pili.

Geuza vali mapema. Usingoje injini ikohoe. Tangi likifika robo, ukiwa kwenye tambarare, bila mzigo mkubwa kwenye injini, geuza na uendelee kwa mwendo wa wastani kilomita chache. Usigeuze katikati ya mto wala katikati ya mlima. Na jaribio la kwanza la tangi la pili ulifanye ungali karibu na mji. Kama kuna mpira unaonyonya hewa, ujue hapo ambapo fundi yupo. Andika kilomita za kila ulipogeuza kwenye daftari la dashibodi. Daftari hilo litakuambia ulaji halisi wa kila tangi, na ulaji ukipanda ghafla kwa tangi moja tu, tafuta panapovuja au angalia ritani tena.

Tangi la pili lisilotumika miezi mingi huota uchafu mweusi unaoteleza. Ni vijidudu vinavyoishi pale maji yanapokutana na dizeli. Kwa hiyo tumia matangi yote mawili kila wiki, hata ukiwa mjini, na ukilaza gari kwa muda mrefu lilaze likiwa limejaa, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi ya kugeuka maji usiku. Kujaa kusiwe hadi shingoni. Dizeli hutanuka kwenye joto, na lita 90 zilizojazwa alfajiri huongezeka kwa zaidi ya lita moja jua likichoma.

Taa ya maji kwenye dizeli ikiwaka kwenye 79, simama na uzime. Legeza kikoki kilicho chini ya kichujio cha maji, piga pampu ya mkono hadi itoke dizeli tupu, ukaze.

Ikivuta upepo

Ukichelewa kugeuza na injini ikazimika, usipige stata hadi betri ife. Geuza vali kwenye tangi lenye mafuta. Piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi iwe ngumu. Jaribu kuwasha. Ikikataa, legeza nati za mabomba kwenye nozo mbili au tatu, mwenzako apige stata kwa sekunde chache, dizeli ikitoka bila povu kaza, kisha endelea na nyingine. 1HZ itawaka ikitetemeka, halafu itatulia.

Hilo ni la 1HZ na jamaa zake. Kwenye injini za reli ya pamoja usilegeze bomba lolote la shinikizo. Dizeli ya bari mia kadhaa inapenya ngozi na kidole hukatwa hospitalini.

Gari likivuta upepo mara kwa mara kwenye tangi moja tu, weka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya filta, utazame mapovu. Yakionekana hata ukiwa kwenye tangi lililojaa, na mipira ya tangi hilo ni mizima, vali inanyonya hewa kutoka tangi jingine lililo tupu. Badilisha vali. Usikubali kuifunga kwa gundi.

Mwisho, mwambie mwenye bima yako kwamba umeongeza tangi. Na kama kati ya sheli na sheli kwenye njia zako hakuna hata kilomita 400, baki na tangi lako moja. Fedha hiyo nunulia filta za akiba, dumu moja imara la kufunga nje ya bodi, na tairi la pili la akiba. Kwa njia hizo, utalihitaji tairi kabla ya dizeli.